Sesilia: mfiadini aliyepewa kinanda baada ya miaka elfu na zaidi

Pita parokia yoyote kubwa ya Kikatoliki Tanzania au Kenya uulize majina ya kwaya zake. Ni nadra kumkosa Mtakatifu Sesilia. Sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba, na hata kwaya zenye majina mengine huiadhimisha, kwa kuwa yeye ndiye somo, yaani mtakatifu mlinzi, wa waimbaji wote. Kwenye kalenda na kadi za sala picha yake haibadiliki sana: msichana wa Kirumi, macho yameinuliwa juu, vidole viko kwenye kinanda.

Ukiifuata picha hiyo kurudi nyuma, unafika karne ya 15, pengine ya 14, kisha inapotea. Kabla ya hapo Sesilia yupo na anaheshimiwa, ana kanisa lake Roma, ana jina katika sala kuu ya Misa, ila kinanda hana. Tena simulizi la maisha yake lenyewe linasema vyombo vya muziki vilipopigwa, mawazo yake yalikuwa kwingine. Kwa hiyo kisa hiki kina maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, mwanamke huyu alikuwepo, na nani alimfanya mwanamuziki? La kwanza lina jibu fupi lisiloshibisha. La pili ndilo lenye utamu.

Arusi iliyoanzisha yote

Simulizi la mateso yake liliandikwa kwa Kilatini katika karne ya 5, miaka zaidi ya 150 baada ya mambo linayoyaeleza. Linasema Sesilia alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa Roma, Mkristo tangu utotoni, aliyemwekea Mungu ubikira wake. Wakamwoza kijana mpagani, Valeriano. Siku ya arusi alivaa nguo yenye nyuzi za dhahabu, na ndani yake, juu ya ngozi, vazi la toba lenye kuwasha. Vyombo vikipigwa, yeye moyoni mwake alikuwa akimwimbia Mungu peke yake maneno yanayotoka katika Zaburi ya 119: moyo wangu na mwili wangu viwe bila doa, nisije nikaaibika.

Usiku, wamebaki wawili chumbani, anamwambia bwana arusi kwamba ana malaika anayemlinda, na atakayemgusa kwa tamaa atakiona cha moto. Valeriano anataka kwanza amwone huyo malaika. (Nani asingetaka?) Sesilia anamtuma Njia ya Appia kwa Papa Urbano, aliyejificha kwenye makaburi. Valeriano anabatizwa, anarudi, na kweli anamkuta malaika ameshika mataji mawili ya mawaridi na mayungiyungi. Ndugu yake Tiburtio anaingia, anasikia harufu ya maua ambayo msimu wake si huo, naye anaongoka. Ndugu hao wanaanza kuzika miili ya wafiadini, wanakamatwa, wanauawa; na ofisa aliyewasimamia, Maksimo, anaongoka na kufa kwa imani hiyo hiyo.

Ndipo mkuu wa mji, Almakio, anamgeukia mjane. Anaamuru afungiwe katika bafu la nyumbani kwake na moto ukokwe mpaka mvuke umwue. Mchana na usiku vinapita, Sesilia hatoki hata jasho. Anatumwa mtu wa upanga. Anapiga shingo mara tatu, kichwa hakitoki, na sheria, kwa mujibu wa msimulizi, haikuruhusu pigo la nne. Anaishi siku tatu zaidi, anagawa mali yake kwa maskini, anaomba nyumba yake iwe kanisa.

Kipi kinasimama, kipi hakisimami

Ni hadithi iliyosukwa vizuri, na hilo ndilo linalotia shaka. Papa Urbano aliongoza Kanisa kati ya mwaka 222 na 230, chini ya Kaisari Alexander Severus, kipindi ambacho Wakristo wa Roma waliishi kwa utulivu kuliko miongo mingi kabla na baada yake. Orodha ya wafiadini wa Roma iliyokuwepo mwaka 354, inayotaja siku na mahali pa kuzikwa kila mmoja, haina Sesilia. Valeriano, Tiburtio na Maksimo walikuwa wafiadini kweli na walizikwa katika makaburi ya Praetextatus, ila hakuna hati ya zamani inayowaunganisha na mwanamke huyu. Hippolyte Delehaye, Mjesuiti wa Ubelgiji aliyetumia maisha yake kuchambua hadithi za watakatifu, aliona kwamba mwandishi wa simulizi alichukua majina yaliyokuwa yakiheshimiwa mahali tofauti akayafunga katika familia moja.

Upande wa pili wa mizani si mtupu. Kanisa lenye jina la Sesilia lilikuwepo Roma mwaka 499, maana padre wake anatajwa kwenye sinodi ya mwaka huo. Makanisa mengi ya kwanza ya Roma yalibeba jina la mtu aliyetoa nyumba au kiwanja. Jina lake limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu ambayo mapadre wengi huikwepa Jumapili: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia, Anastasia. Na mwaka 1854 mwanaakiolojia Giovanni Battista de Rossi, akichimba katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) ya Kalisto kwenye Njia ya Appia, alikuta chumba cha kaburi kinachonasibishwa na Sesilia kikiwa ubavuni mwa chumba walimozikwa mapapa wa karne ya 3. Mahali pa heshima kama hapo hapakuwa pa mtu wa kubuniwa.

Hukumu yangu ni kwamba palikuwa na mwanamke Mroma aitwaye Sesilia, mwenye mali, aliyeheshimiwa mapema na Wakristo wa mji wake. Malaika, mataji, bafu na mapigo matatu ni kazi ya mwandishi. Kalenda ya Kanisa iliporekebishwa mwaka 1969, sikukuu ya Valeriano na wenzake iliondolewa katika kalenda ya dunia nzima. Ya Sesilia ikaachwa, na sababu iliyotolewa ni ibada ya watu kwake.

Maneno matatu yaliyodondoka

Kinanda kilitoka wapi basi? Katika Masifu ya siku yake, yaani sala za Kanisa za kila siku, antifona (kiitikio kifupi cha zaburi) ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye ule mstari wa arusi: vyombo vikipigwa, Sesilia alimwimbia Bwana moyoni mwake. Watu wa Masifu hufupisha. Katika umbo lililoimbwa sana, maneno ya Kilatini *in corde suo*, yaani "moyoni mwake", yaliachwa, ikabaki: vyombo vikipigwa, Sesilia alimwimbia Bwana. Soma hivyo bila kuijua hadithi na utamwona bibi arusi akiimba kwa kufuata vyombo. Na kwa kuwa neno la Kilatini la vyombo ndilo lililokuja kutumika kwa kinanda cha mabomba, mchoraji wa karne ya 15 hakuhitaji kusukumwa.

Sanaa ya zamani inathibitisha kwamba hakuna aliyemwona hivyo mwanzoni. Ravenna, katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mozaiki ya karne ya 6 inaonyesha safu ya mabikira wafiadini wakiandamana kuelekea kwa Mama na Mtoto. Sesilia yumo, amebeba taji kama wenzake, na bila jina lililoandikwa juu ya kichwa usingemtofautisha. Huko Florence, kwenye makumbusho ya Uffizi, kuna ubao wa mwanzoni mwa karne ya 14 wenye Sesilia amekaa katikati na matukio manane ya maisha yake pembeni. Mchoraji wake hajulikani kwa jina, kiasi kwamba wataalamu humwita tu Bwana wa Mtakatifu Sesilia. Arusi imo, bafu limo, kinanda cha mtakatifu hakimo.

Mozaiki ninayoipenda zaidi iko Roma kwenyewe, mtaa wa Trastevere, katika basilika ya Sesilia. Papa Paskali wa Kwanza alisimulia kwamba mtakatifu alimtokea usingizini akamwonyesha ulipo mwili wake. Mwaka 821 akauhamishia mjini na kulijenga upya kanisa. Kwenye apsi yake, ule ukuta wa mviringo nyuma ya altare, Paskali amechorwa akiwa bado hai, ndiyo maana ana mng'ao wa mraba kichwani badala ya duara, na mikononi ana mfano mdogo wa kanisa alilojenga. Sesilia amesimama karibu naye, amemwekea mkono begani kama shangazi anayemtambulisha kijana kwa wakubwa. Ni ishara ya kawaida kabisa ya watu wanaofahamiana, na katika sanaa ya karne ya 9 huipati mara nyingi.

Raphael anamrudisha kwenye simulizi

Mwaka 1514 hivi mwanamke wa Bologna, Elena Duglioli dall'Olio, alikuwa na kanisa dogo la pembeni ndani ya kanisa la San Giovanni in Monte na akataka picha ya altare. Elena alikuwa ameolewa lakini akaishi na mumewe kwa usafi, kama Sesilia na Valeriano, na mji mzima ulilijua hilo. Kazi ikaenda kwa mchoraji Raphael, ambaye wakati huo alikuwa Roma akifanya kazi za Papa.

Wakati huo kinanda kilikwishakuwa alama yake, na Raphael hakukiondoa. Alichofanya ni ujanja. Sesilia amekishika kinanda kidogo cha mkononi kikiwa kimegeuzwa chini, na mabomba mawili yanachomoka kutoka mahali pake, yako mbioni kudondoka. Miguuni pake ardhi imejaa vyombo vilivyovunjika: zeze kubwa lenye nyuzi zilizokatika, matari yenye ngozi iliyopasuka, pembetatu ya chuma, filimbi. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anasema sehemu hiyo ya vyombo ilichorwa na Giovanni da Udine. Pembeni wamesimama Paulo akiwaza huku ameegemea upanga, Yohane Mwinjili, Agustino na Maria Magdalena. Juu, mawingu yamefunguka, malaika sita wanaimba kwa sauti tupu kutoka kwenye vitabu. Hao ndio Sesilia anaowasikiliza.

Kwa maneno mengine, picha maarufu kuliko zote za somo wa muziki ni picha ya mtu aliyeacha kupiga. Raphael, au mshauri wake aliyesoma simulizi lote na si antifona peke yake, aliyarudisha yale maneno matatu kwa rangi. Wachoraji waliomfuata walikopa macho yaliyoinuliwa na kukiweka kinanda wima tena. Picha yenyewe ilichukuliwa na majeshi ya Ufaransa wakati wa Napoleon, ikapelekwa Paris, ikabanduliwa kwenye ubao wake na kuhamishiwa kitambaani, kisha ikarudishwa Italia mwaka 1815. Leo iko Pinacoteca Nazionale ya Bologna.

Jeneza la 1599

Kardinali Paolo Emilio Sfondrati, mtoto wa ndugu yake Papa Gregori wa Kumi na Nne, alikabidhiwa basilika ya Trastevere na akaamua kuitengeneza kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu wa 1600. Tarehe 20 Oktoba 1599 mafundi walifungua sakafu chini ya altare wakakuta majeneza ya mawe. Ndani ya mojawapo mlikuwa na sanduku la mbao ya mberoshi, na ndani ya sanduku mwili wa mtu mdogo umelala ubavu wa kulia, nguo zina nyuzi za dhahabu, umefunikwa shela ya hariri, na karibu na miguu kuna vitambaa vyenye madoa ya damu.

Papa Klementi wa Nane alikuwa Frascati, jongo limemshika mguu. Akamtuma Kardinali Baronius, mwanahistoria mkubwa wa Kanisa wa wakati ule. Antonio Bosio, aliyekuwa akizitembelea katakombe kwa mienge, naye aliandika habari hizo na kuzichapisha mwaka 1600. Umati wa Roma ukamiminika Trastevere mpaka walinzi wakaitwa. Tarehe 22 Novemba, siku yake, Papa mwenyewe aliadhimisha Misa na sanduku likarudishwa chini.

Hapa msomaji awe makini. Kwa heshima, hawakuivua ile shela. Walichokiona ni umbo la mwili chini ya kitambaa, pamoja na nguo ya dhahabu waliyotarajia kuiona, kwa sababu simulizi la karne ya 5 na taarifa za Papa Paskali zilikwishaitaja. Kwamba mwili haukuoza hata kidogo ni hitimisho lao, na hatuwezi kulipima.

Sfondrati alimpa kazi mchongaji kijana, Stefano Maderno, ambaye kabla ya hapo hakuwa na jina. Sanamu yake ya marumaru nyeupe, yenye urefu wa kama sentimeta 130, iko chini ya altare ndani ya shimo la jiwe jeusi. Mwanamke amelala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imenyooshwa mbele. Kichwa kimefungwa kitambaa na kimegeukia sakafu, hivyo uso huuoni hata ukipiga magoti. Unachokiona ni shingo, na juu yake mstari wa jeraha. Mkono mmoja umenyoosha vidole vitatu na mwingine kimoja. Waongoza watalii watakwambia ni Utatu na Mungu mmoja. Kwenye sakafu mbele yake kuna maandishi ya mtu anayesema kwamba alimwona mtakatifu kwa macho yake akiwa mzima kaburini, na kwamba amemweka kwenye marumaru katika mkao ule ule.

Sanamu za wafiadini za kizazi kile zilipenda mbingu zifunguke na malaika washuke na tawi la mtende. Maderno hakuweka lolote kati ya hayo. Hata kama hakusimama mbele ya sanduku lile, alichonga kama shahidi wa mahakamani anayeeleza alichokikuta. Aliishi miaka 36 baada ya kazi hiyo na hakufanya nyingine iliyoifikia. Nakala yake iko katika katakombe ya Kalisto, ndani ya chumba alichokitambua de Rossi, na wengi wanaopita pale hudhani ndiyo asili.

Sfondrati huyo huyo, mwaka 1606, alimwagiza mchoraji Guido Reni amchoree Sesilia. Reni akampa fidla, chombo ambacho Roma ya wafiadini haikukijua. Kwa hiyo mtu aliyeufungua mlango wa kaburi alitaka vilevile ukutani mwake msichana anayepiga muziki wa siku zake. Sioni unafiki hapo. Sesilia alikwishakuwa na kazi mbili, na kila moja ilihitaji picha yake.

Masista Wabenedikto wanaoishi kwenye monasteri ya basilika hiyo nao wana kazi yao: kwa desturi ndio wafumaji wa palio, ule ukanda wa sufu nyeupe wenye misalaba sita myeusi ambao maaskofu wakuu hupewa na Papa. Ukimwona Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ameuvaa juu ya kasula, vazi la Misa, asili yake ni jirani na ile sanamu.

Somo wa wanamuziki, na amri ya 1903

Wanamuziki wenyewe walimdaka haraka. Évreux, Ufaransa, chama cha jina lake kilianzishwa mwaka 1570 kikaendesha mashindano ya utunzi, na mtunzi Orlando di Lasso alikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza. Roma, mwaka 1585, Papa Sisto wa Tano aliidhinisha udugu wa wanamuziki chini ya Bikira Maria, Gregori na Sesilia; ndio uliozaa Accademia Nazionale di Santa Cecilia ya leo. London iliigeuza siku yake kuwa tamasha, ingawa Waanglikana hawakuwa na haja kubwa na masalia ya Kirumi: mtunzi Purcell alimtungia mwaka 1692, mwenzake Handel mwaka 1739.

Karne ya 19 mambo yakakaza. Padre Franz Xaver Witt wa Ujerumani alianzisha mwaka 1868 chama cha Sesilia cha kusafisha muziki wa kanisa: opera itoke, wimbo wa Gregori na sauti nyingi za mtindo wa Palestrina, mtunzi wa karne ya 16, zirudi. Moyo huo ndio uliofika mpaka amri ya Papa Pio wa Kumi kuhusu muziki mtakatifu. Aliitia sahihi tarehe 22 Novemba 1903, kwa makusudi, siku ya Sesilia. Amri hiyo ilipiga marufuku kanisani piano na vyombo vya kelele, ngoma na matoazi vikitajwa. Ikasema pia kwamba wanawake, kwa kuwa kuimba liturujia ni huduma rasmi, hawawezi kuwa sehemu ya kwaya. Sauti za juu ziimbwe na wavulana.

Soma tena tarehe. Siku ya mwanamke aliyefanywa somo wa waimbaji, wanawake waliambiwa watoke kwenye kwaya. Sijakutana na mhubiri wa Novemba anayeligusa hilo.

Kwa Afrika Mashariki na Kongo amri hiyo ilikuwa na makali, maana ilifika wakati misioni zikipanuka, na ngoma ilikwishaitwa ya kipagani kwa sababu nyingine. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1955, Papa Pio wa Kumi na Mbili aliporuhusu kwaya zenye wanawake pale pasipo na wavulana wa kutosha. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walikuwa wakiimba Misa kwa nyimbo na ngoma za Kongo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulisema wazi kwamba watu wa nchi za misioni wana muziki wao na upewe nafasi inayostahili. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu kinachopima sheria za Kanisa dhidi ya muziki wa Kibantu. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda akafuata mwaka 1964 na oratorio yake (utungo mrefu wa kwaya na waimbaji pekee) ya Mashahidi wa Uganda, mwaka walipotangazwa watakatifu.

Hati ya 1963 haikukishusha cheo kinanda cha mabomba. Ilikitaja kwa heshima, kisha ikaruhusu vyombo vingine. Parokia zetu nyingi hazijawahi kumudu hicho cha mabomba. Kinachopigwa ni cha umeme, ngoma na kayamba ziko pembeni, na sauti ya kwanza na ya pili wanaziimba akina mama na mabinti.